Hodi Iliyomtia Dijkstra Hofu

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakibuni kompyuta mpya, Electrologica X1. Walitaka kuiwekea kitu ambacho mashine zao za awali hazikuwa nacho: katizo. Kifaa cha nje, tuseme taipureta, kikiwa tayari, kiipigie hodi prosesa; nayo isitishe hesabu iliyo mkononi, imhudumie mgeni, kisha irudi pale ilipoachia.

Wa kuandika programu ya kupokea hodi hizo alikuwa Edsger Dijkstra. Akaogopa.

Aliogopa kwa haki. Hadi hapo programu ile ile, ikipewa data ile ile, ilifuata hatua zile zile, kwa hiyo kosa liliweza kurudiwa mpaka likamatwe. Hodi haina saa. Ikivamia katikati ya hesabu na kuharibu tarakimu moja, kesho haitaingia pale pale, na kosa litakuwa limetoweka. Dijkstra aliahirisha uamuzi kwa miezi kadhaa ndipo akakubali. Kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1959. Sharti lake kuu lingali hai katika kiini cha kila mfumo endeshi: kabla ya kumpokea mgeni, hifadhi hali ya kazi iliyokatizwa, akiondoka, irudishe kama ilivyokuwa.

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na bawabu wa hodi, chipu ya Intel 8259A yenye njia nane. Saa ilishika njia namba 0, kibodi namba 1.

Kisha mitandao ikashika kasi. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha kwamba pakiti za data zikimiminika, kiini huishia kuitikia hodi tu, na hakuna pakiti hata moja inayofika kwa programu iliyoisubiri. Linux ilipata dawa yake, inayoitwa NAPI: hodi ya kwanza ikisikika, kiini huizuia kadi ya mtandao isibishe tena, halafu chenyewe huenda kuchota pakiti kwa mafungu. Zikiisha, mlango hufunguliwa upya. Hivyo ule mtindo wa prosesa kwenda yenyewe kukagua kifaa, ambao katizo lilikuja kuuondoa, ukarudishwa kazini kwa saa za msongamano.