Dogo wa soka ana bei gani?

Wadau wa Mbulu na Hanang, ubishi wa vijiweni kuhusu bei ya dogo huwa unaishia kwenye mabao. Bei inapangwa pia na umri, muda uliobaki kwenye mkataba na wingi wa timu zinazomtaka.

Akiuzwa nje ya nchi mkataba haujaisha, FIFA inatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Iliyomlea misimu minne ya mwanzo inapata asilimia 1: ada ya dola 100,000, chao dola 1,000. Akiuzwa nje tena, kama Samatta alivyotoka Mazembe kwenda Genk 2016, kisha Aston Villa 2020, mgao unarudi.

Ila bila usajili, timu ya Katesh au Haydom haiambulii kitu. Viongozi, sajilini madogo mapema jamani!