Zaburi za Nabugoye: Imani, Sanaa na Utambulisho wa Wayahudi wa Uganda

Sanaa ya Kiyahudi ilikua chini ya amri nzito ya kitabu cha Kutoka inayokataza kuchonga sanamu za kuabudiwa. Kwa sababu hiyo, kwa karne nyingi sauti ya mwimbaji, mwandiko wa Torati na kazi ya uzi na sindano vilipewa, ndani ya sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, heshima ambayo dini nyingine ziliipa sanamu. Katika karne ya 20 wachoraji kama Marc Chagall waliingiza maisha ya Kiyahudi katika uchoraji wa kisasa, na wasanii waliowafuata wameendelea kuuliza kama Uyahudi wa mtu hutokana na damu yake, na agano alilolipokea, au na maisha anayoishi. Afrika Mashariki nayo imelijibu swali hilo kwa wimbo, na walioliimba jibu hilo ni wakulima wa vilima vilivyo karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, wanaojulikana kwa jina la Kiganda la Abayudaya, yaani Wayahudi.

Chanzo cha jamii hii hakihusiani na pendekezo la Uingereza la mwaka 1903 la kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ya makazi katika Afrika Mashariki, pendekezo lililokataliwa na viongozi wa Kiyahudi mwaka 1905. Chanzo chake ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, ambaye baadaye aliona kwamba wakubwa wake wa kikoloni hawakumpa madaraka aliyoyatarajia. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, kisha akajiunga na Abamalaki, kundi la kidini lililokataa dawa za hospitali na kushika Sabato siku ya Jumamosi. Kadiri alivyoendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1896, ndivyo alivyozidi kuegemea vitabu vya Musa, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi. Hakuna mmisionari aliyemhubiria Uyahudi, na hakuna rabi, yaani mwalimu wa sheria za Kiyahudi, aliyemtangulia, kwa hiyo imani hii ni miongoni mwa chache za kipindi cha ukoloni ambazo Waafrika walizifikia kwa kusoma wenyewe.

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa 90 kwa Kiganda kilichowaongoza wafuasi wake katika sala na maagizo ya Torati, na sanaa ya kwanza ya Abayudaya ilizaliwa katika ibada hiyo. Waumini waliojua nyimbo za makanisa ya Kiprotestanti walizichukua namna zake za kuimba, wakaziacha tenzi za Kristo, na mahali pake wakaweka maneno ya Agano la Kale. Kuimba maandiko kulikuwa pia njia ya kuyahifadhi, kwa kuwa katika jamii ya wakulima, ambamo vitabu vilikuwa vichache na wasomaji walikuwa wachache zaidi, zaburi iliyoimbwa kila Sabato ilikaa katika kumbukumbu ya watu wote, na mtoto aliijua kabla hajajifunza kusoma. Kakungulu alipofariki mwaka 1928, jamii hiyo haikuwa na shule kubwa wala uhusiano wa kudumu na Wayahudi wa nje, lakini ilikuwa na nyimbo zake.

Thamani ya hifadhi hiyo ilipimwa wakati wa utawala wa Idi Amin nchini Uganda, ulioanza mwaka 1971. Ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yalifungwa, na waumini wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili wawe salama, hata jamii iliyokadiriwa kuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mamia machache waliosali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni, liliiteka Kampala na kuuangusha utawala huo, na jioni ya siku hiyohiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, ilipoanza. Abayudaya wameendelea kuusimulia ukombozi huo kama Pasaka yao wenyewe, na kwa njia hiyo askari wa Tanzania wameingia katika historia takatifu ya jamii ambayo wengi wao hawakujua kuwa ipo.

Ufufuo wa jamii uliletwa na vijana. Katika miaka ya 1980 kundi lao, ambalo miongoni mwake walikuwamo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, lilikusanyika katika kilima cha Nabugoye kwa kufuata mfano wa kibutzi, yaani makazi ya ujima ya Israeli, ili kurudisha ibada iliyovunjika. Chombo chao kikuu kilikuwa muziki. Walizitungia zaburi tuni mpya kwa Kiganda na Kiebrania, wakaziimba kwa utaratibu wa kiongozi kuanza na kundi kuitikia, kwa sauti zinazopandana kama za kwaya za Afrika Mashariki, hata wimbo wa kuikaribisha Sabato ukasikika katika lahani ya Uganda. Hapo nyimbo zilizookoa imani zikawa pia hoja ya utambulisho, kwa kuwa mwimbaji alidai Uyahudi wake mbele ya Mungu na mbele ya dunia bila kuacha kuwa mtu wa Uganda.

Dunia ilisikia. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya muziki wa Abayudaya iliyoandaliwa na Jeffrey Summit, rabi na mtafiti wa muziki, na albamu hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kofia ndogo za kufuma za rangi nyingi, ambazo Wayahudi huvaa wakati wa sala, ziliuzwa ng'ambo na kuwapatia mafundi wake kipato. Mwaka 2002 marabi waliotoka nje waliwapokea rasmi mamia ya waumini katika Uyahudi, na mwaka 2008 Sizomu alipata daraja la urabi katika chuo cha Los Angeles. Ni haki kusema kwamba hatua hizo zilithibitisha jambo ambalo nyimbo zilikuwa zimekwisha kulisema kwa zaidi ya miaka 80.

Kwa msomaji wa Mapera au wa Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, historia hii ina jambo la karibu zaidi. Keki, mkulima wa kahawa aliyekuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 2001, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, uliowaunganisha wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na nyimbo za wakulima hao kuhusu kahawa na upatano zilitolewa katika albamu ya pili mwaka 2013. Nyanda za juu za Umatengo, wilayani Mbinga, nazo zina kahawa ya arabika, vyama vya ushirika na kwaya za parokia zilizokua chini ya misheni ya Wabenediktini, na mwambao wa Ziwa Nyasa una nyimbo za kanisa la Kianglikana la Liuli na ngoma ya mganda, inayoiga gwaride na bendi za kijeshi. Huko nako watu walipokea vitu vilivyotoka mbali, wakavifanya vyao kwa kuviimba.

Tofauti iko katika kumbukumbu. Nyimbo za Nabugoye zimerekodiwa, na maneno yake yameelezwa pamoja na majina ya watunzi wake, ilhali nyimbo nyingi za Mbinga na za ziwani zinaishi vifuani mwa wazee tu. Parokia, shule na vyama vya ushirika vya Ruvuma vina wajibu wa kuzirekodi nyimbo hizo sasa, pamoja na majina ya waliozitunga na miaka zilipotungwa, kwa sababu historia ya imani ya watu wa kawaida huandikwa kwanza katika nyimbo zao, na mwandishi anayezipuuza atabaki kuandika historia ya wamisionari na watawala peke yao.