Uzi, Sindano na Usuhuba

Kazi nyepesi za mikono hushika vidole na kuuacha ulimi huru. Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki wasukao ukili pamoja uani huijua sana tabia hiyo, kwani mpaka mkeka umalizike, habari nyingi za mtaa huwa zimekwisha pita juu yake. Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mahali pa ukili pameshikwa na uzi wa sufu na sindano mbili za kufumia. Kutokana na vikao vya ufumaji imezaliwa huko aina ya riwaya ambayo wahakiki wengi wameipita upesi, wakiidhania kuwa soga za wanawake wenye nafasi. Insha hii yakusudia kuifuata asili ya riwaya hizo, na kuuliza zimehifadhi jambo gani lililoachwa na vitabu vikubwa vya historia.

Ufumaji haukuanza kama kazi ya starehe. Katika karne ya 16 palikuwa na vyama vya mafundi wanaume waliofuma soksi na kofia katika miji ya Ulaya, na kaya nyingi maskini za mashambani zilipata riziki kwa sindano. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Mashine hiyo na zilizoifuata zikaishusha kidogo kidogo thamani ya kazi ya mkono sokoni. Sindano ikarudi nyumbani, ikakaa hasa mikononi mwa wanawake, na huko ndiko waandishi wa riwaya walikoikuta.

Kiswahili kinalo neno kufuma kwa maana mbili: kuunganisha uzi kwa uzi, na kuchoma kwa mshale au mkuki. Fasihi ya Kiingereza ya karne ya 19 ilizionyesha maana zote mbili katika muda usiozidi miaka 10. Charles Dickens, katika A Tale of Two Cities ya mwaka 1859, alimchora Madame Defarge, mke wa mwenye duka la mvinyo mjini Paris. Mwanamke huyu huketi akifuma, na katika mafumo yake hutia kwa alama za siri majina ya watu watakaouawa mapinduzi yatakapofika. Wenziwe nao hufuma huku wakihesabu vichwa vinavyokatwa. Hapa kikundi cha wafumaji ni baraza la kisasi, na kila safu ya uzi ni hukumu.

Elizabeth Gaskell alikuwa amekwisha kuionyesha maana ya kwanza katika Cranford, kitabu kilichotoka sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1851 na 1853 katika gazeti lililohaririwa na Dickens mwenyewe. Miss Matty, mwanamke mtu mzima asiyeolewa, hufuma jioni kwa mwanga wa moto wa mekoni ili asimalize mishumaa. Benki iliyotunza mali yake inapoanguka, rafiki zake hukutana kwa faragha. Kila mmoja huandika katika karatasi kiasi awezacho kutoa kwa mwaka, huifunga kwa lakiri ili mwingine asikione, na fedha hizo humfikia Miss Matty bila ya yeye kujua zilikotoka. Hao nao ni maskini wanaojitahidi kuuficha umaskini wao. Siri ya Madame Defarge huua, na siri ya wanawake wa Cranford humwacha mtu aishi bila ya kuinamisha uso. Riwaya za wafumaji zilizokuja baadaye zilishika njia ya Gaskell.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliirudisha sindano katika kazi ya haja. Wanawake wa Uingereza, Kanada na, baada ya mwaka 1917, Marekani, walifuma soksi na sweta za askari kwa wingi, aghalabu chini ya Msalaba Mwekundu. Mkanada L. M. Montgomery aliyahifadhi maisha hayo katika Rilla of Ingleside ya mwaka 1921. Rilla, msichana wa Kisiwa cha Prince Edward aliyependa dansi, anaanzisha tawi la vijana la Msalaba Mwekundu, huku ndugu zake wakienda vitani na mmoja wao, Walter, asirudi. Vitabu vya vita hueleza mistari ya mapigano na idadi ya waliokufa. Riwaya hii hueleza kungoja: wanawake wameketi, mikono inafuma, masikio yameelekea mlangoni.

Baada ya Vita vya Pili viwanda vilitoa nguo kwa bei rahisi, na haja ya kufuma ikazidi kupungua. Yafaa basi kuuliza kwa nini riwaya za vikundi vya ufumaji zilichanua Marekani mwanzoni mwa karne ya 21, wakati hakuna aliyelazimika kufuma ili avae. Jibu moja laonekana katika Bowling Alone, kitabu alichotoa Robert Putnam mwaka 2000. Humo alionyesha kwa takwimu kwamba Wamarekani walikuwa wamepunguza sana kukutana katika vyama, katika mikutano, na hata majumbani mwa rafiki zao. Haja ya soksi ilikuwa imekwisha, na haja ya kuketi pamoja ilikuwa imekua.

Mwaka 2004 Debbie Macomber alitoa The Shop on Blossom Street. Lydia Hoffman, aliyepona saratani mara mbili, anafungua duka la nyuzi mjini Seattle na kufundisha wanawake watatu kufuma blanketi la mtoto. Mmoja ni tajiri asiyempenda mkaza mwanawe, wa pili anatamani mtoto na hapati, na wa tatu, Alix, ni kijana aliyehukumiwa na korti kuitumikia jamii. Wasingalikutana katika karamu wala katika mtaa mmoja. Mwaka 2007 Kate Jacobs alitoa The Friday Night Knitting Club, ambamo mwenye duka la nyuzi huko Manhattan anafariki kwa saratani na kikundi kinaendelea pasipo yeye.

Mwaka huo huo ilitoka The Knitting Circle ya Ann Hood, na hii ndiyo yenye uzito kuliko hizo mbili. Mwandishi alifiwa na binti yake wa miaka 5 mwaka 2002, akajifunza kufuma wakati ambapo hakuweza kusoma wala kuandika. Mary, mama wa riwaya yake, naye amefiwa na binti. Kila mwanakikundi anamfundisha namna moja ya kufuma, na pamoja nayo anamweleza msiba wake mwenyewe. Uzi uliokosewa hufumuliwa ukaanzwa upya, msiba haufumuliki. Hood anaijua tofauti hiyo, wala hamdanganyi msomaji wake.

Riwaya hizi zina kasoro. Nyingi humalizika kwa upatanisho unaotazamiwa tangu kurasa za mwanzo. Zaidi ya hayo, baraza lenyewe limo dukani, na nyuzi nzuri hununuliwa kwa fedha nyingi. Asiye nazo hufika, kama Alix, kwa amri ya korti. Cranford ilikuwa na ujasiri zaidi, maana iliuweka umaskini katikati ya urafiki.

Hata hivyo, mwanahistoria atakayetaka kujua watu wa zama hizi walivyokuwa wapweke, na walivyotafuta dawa ya upweke huo, hatayapata yote katika nyaraka za serikali. Urafiki wa watu wasio ndugu hauandikishwi popote. Hauna cheti kama ndoa, wala daftari kama biashara. Wanawake walioketi wakifuma waliujenga kwa karne nyingi bila ya kuacha maandishi, na soksi walizofuma zimekwisha chakaa. Sehemu kubwa ya yaliyosalia imo katika riwaya, na yastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoyatoa kwa habari za wafalme.