Siku ya Sitini

Manahodha na wakulima wa pwani yetu walikuwa wakiihesabu siku kwa nambari yake tangu Nairuzi, wakiugawanya mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue lini pepo zitageuka na lini mbegu ziingie ardhini. Na aijuaye hesabu hiyo hatastaajabu kuambiwa ya kuwa lahajedwali ya kompyuta nayo, ijapokuwa hutuonyesha siku, mwezi na mwaka, kwa hakika huhifadhi idadi tu ya siku zilizopita tangu mwanzo mmoja.

Lahajedwali iliingia katika kompyuta ndogo mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc. Lakini hesabu ya tarehe tuliyorithi ilitoka katika Lotus 1-2-3, iliyouzwa tangu Januari 1983, ambayo iliifanya tarehe 1 Januari 1900 kuwa siku ya kwanza, ikaupa mwaka huo siku ya 29 Februari, ilhali kanuni ya kalenda iliyowekwa mwaka 1582 yasema kwamba mwaka wa kutimiza karne hauwi mrefu ila ugawanyike kwa 400. Excel ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1985, ilianza hesabu yake mwaka 1904, ikasalimika. Ama ile ya Windows, iliyofuata mwaka 1987, iliichukua hesabu ya Lotus pamoja na kosa lake, kusudi madaftari ya watu yahamishwe bila ya tarehe kuteleza. Ndiyo maana hesabu hizo mbili zilipishana kwa siku 1,462.

Msomaji na ajaribu mwenyewe: aandike 1 Machi 1900 katika seli ya Excel, kisha aigeuze iwe nambari ya kawaida, naye ataona 61, hali siku 31 za Januari, 28 za Februari na moja ya Machi hazizidi 60.

Basi mwenye kuweka daftari na aujue msingi wa hesabu yake. Fomula ya TODAY, kwa kuwa huifuata saa ya kompyuta na kujihesabu upya daftari lifunguliwapo, yafaa sana kwa kujua siku zilizosalia kabla ya deni kuiva. Lakini tarehe ya stakabadhi ni ushahidi, nayo haina budi kuandikwa yenyewe, siku, mwezi na mwaka, ibaki kama ilivyoandikwa.