Filosofia Iliyoingia Nyumbani

Neno filosofia linatisha watu wengi. Wakilisikia, wanafikiri mara moja vitabu vya Kilatini na maprofesa wenye miwani. Lakini hapa Katanga palikuwa na wakati ambapo wafanyakazi wa mgodi, pamoja na wake zao, walikaa nyumbani wakaulizana: Mtu ni nani? Anataka nini? Basi tuishi namna gani? Sisi makatekista wa Kamalondo, tunaoketi jioni lupangoni kuzungumza na watu wa ndoa, tumeona vema kuikumbuka habari hiyo, kwa maana ina faida, tena ina onyo.

Padri Placide Tempels, Mfransisko, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, mwanzoni alikuja kama bwana mwenye kujua yote: yeye anasema, watu wanaitikia. Lakini mafundisho hayakushuka moyoni. Ndipo alipoanza kuchunguza lugha na desturi za Waluba, apate kujua wanavyofikiri. Tunda la kazi hiyo ni kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Wakili Antoine Rubbens alikitafsiri kwa Kifaransa, kikachapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Neno lake kubwa ni hili: kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kadiri mtu anavyoungana na Mungu, na wazee wake, na wenzake.

Siku zile hazikuwa za utulivu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma katika mji wetu wakidai mshahara. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Tempels mwenyewe aliandika katika gazeti la L'Essor du Congo kudai haki kwa watu weusi. Askofu de Hemptinne hakupendezwa na mawazo yake, na tangu 1946 hadi 1949 padri huyo alikaa Ubelgiji.

Wengine walimpinga kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1950 Aimé Césaire wa Martinique alikidhihaki kitabu kile: je, watu walionyang'anywa mali yao watashiba kwa kuambiwa kwamba filosofia yao inaheshimiwa? Baadaye Paulin Hountondji wa Benin aliuliza: taifa zima laweza kuwa na filosofia moja, bila mtu mmoja mmoja kufikiri, kubisha na kubishiwa? Maswali hayo ni ya haki, wala tusiyakimbie.

Tunaona kwamba jibu, au mwanzo wake, lilipatikana Musonoi, kambi ya mgodi karibu na Kolwezi. Tempels alikuwa amerudi Kongo mwaka 1949. Tangu miaka ya mwisho ya 1920, kampani ilikuwa imeanza kuwaacha wafanyakazi wakae na wake zao kambini. Nyumba zilikuwapo, na posho ilikuwapo. Lakini watu walitoka makabila mengi, mbali na wajomba na shangazi. Mume na mke wakigombana, nani atawapatanisha? Karibu na mwaka 1953, katika maisha ya namna hiyo, ilizaliwa Jamaa.

Hapo padri hakuwaeleza tena watu mawazo yao. Aliwauliza, akajiacha kuulizwa naye. Katika mazungumzo hayo yalitokea maneno matatu ambayo Jamaa iliyashika daima: uzima, uzazi na mapendo. Bwana na bibi walikuja pamoja, wakaitwa baba na mama. Uzazi haukuwa wa tumbo peke yake: anayeamsha imani na mawazo ndani ya mwenzake amemzaa. Kwa njia hiyo hata watu wa ndoa wasiojaliwa mtoto waliweza kuitwa wazazi. Katika nchi ambamo mke tasa huchekwa, neno hilo si dogo.

Mapendo nayo yanapimwa nyumbani. Jioni moja, katika mazungumzo yetu hapa Kamalondo, mzee mmoja alisema kwamba mapendo ni kitu cha moyo, hayaonekani kwa macho. Mkewe akamwuliza: "Baba watoto, na bahasha ya mshahara, mbona nayo haionekani kwa macho?" Watu walicheka sana. Yule mzee hakucheka. Juma lililofuata alikuja mbele ya wote, akasema wamehesabu feza pamoja, mara ya kwanza tangu waoane. Tungemhubiri mwaka mzima, tusingefika hapo.

Sasa onyo. Jamaa ilienea Katanga yote, ikafika Kasai. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa huko mwaka 1977. Kulikuwa na ngazi za mafundisho, na mahali pengine ngazi hizo zikageuka siri: waliotangulia walijiona wanajua, na wapya wakawa wa kusikiliza tu. Vikundi vingine viliacha njia ya Eklezia, na katika miaka ya 1970 maaskofu walitoa maagizo makali juu yao. Tazameni, ndugu: kosa la padri kijana wa mwaka 1933, yaani kusema bila kuulizwa, lilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa mikono yetu sisi wenyewe.

Sisi tuliopita seminari tuna jaribu lile lile. Tunafika lupangoni na jibu mfukoni, tunangoja tu watu wamalize kusema. Basi tumejiwekea sheria tatu: mlango usifungwe kwa mtu yeyote, mume asijibu kwa ajili ya mkewe, na katekista asiondoke kabla ya kuulizwa swali moja juu ya maisha yake mwenyewe. Ya tatu ndiyo ngumu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: kuulizwa si aibu. Mungu atujalie moyo wa kukubali.