Reli Iliyopimwa kwa Miguu

Wewe uliye Makambako, Chimala au Tunduma, reli ya TAZARA unaijua. Pengine umewahi kupakia ndizi au mpunga katika ile treni iliyoitwa kipisi. Leo tuzungumze habari ya miaka ile kabla reli haijaanza kujengwa, wakati palipokuwa hapana hata taruma moja chini.

Mwezi wa Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikabanwa. Malori yakaanza kupita barabara yetu ya vumbi na matope, Iringa hadi Mbeya hadi Tunduma, na mengi yalipinduka. Haraka ilikuwapo basi, na ilikuwa haraka ya kweli. Mtu angeweza kusema: leteni majembe, tutapima huko huko mbele.

Nchi hii ilikwisha kuona mwanzo wa namna hiyo. Mwaka 1946 Waingereza walileta watu watatu, mkubwa wao John Wakefield, waje kutazama mahali pa kulima karanga. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakashauri zifyekwe eka zaidi ya milioni 3. Mwaka uliofuata matrekta yakaingia Kongwa. Mvua ikawa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zisichimbuke. Mwaka 1951 shughuli ikaachwa, na kama pauni milioni 36 zimekwisha kupotea. Mgogo yeyote mwenye shamba jirani angewaeleza habari ya mvua yake kwa nusu saa, lakini ndege haisimami kuuliza.

Reli haikufanywa hivyo. Mapatano na China yalitiwa sahihi Septemba 1967, na ujenzi ukafunguliwa Oktoba 1970. Katikati hapo kulikuwa na kazi ya kupima. Wapimaji 12 wa Kichina walitembea kwa miguu miezi tisa, toka Dar es Salaam mpaka Mbeya, kuchagua mahali pa kupitisha njia. Mpimaji wa reli hana budi kujua mlima unapanda kiasi gani, mto unajaa mpaka wapi wakati wa masika, na chini ya nguzo ya daraja kuna mwamba au tope.

Hebu fikiri sehemu ya Mlimba hadi Makambako. Ni kilometa 158 tu katika reli ya kilometa 1,860, lakini hapo njia inatoka bonde la Kilombero na kuparamia Nyanda za Juu. Kati ya mahandaki 22 ya reli nzima, 18 yako hapo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za urefu wa kama meta 50. Kwa kuwa ugumu huo ulijulikana mapema, ilijulikana pia ni wapi watu na saruji vitahitajika zaidi. Reli ilifika Mlimba mwishoni mwa 1971, ikavuka mpaka Tunduma Agosti 1973, na Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa.

Kwa hiyo fundi wa maji akizunguka kijijini kwako na darubini yake msimu mzima kabla mfereji haujachimbwa, usimwone mvivu. Muulize tu: mto huu umeuona Machi, na Oktoba je?

Jambo jingine lililoamuliwa mapema ni upana wa njia. Reli yetu ya zamani ilikuwa ya milimita 1,000, ya Zambia 1,067. Ikachaguliwa ya Zambia, ili behewa la shaba lifike bandarini bila kupakuliwa. Gharama yake ikawa kwamba behewa hilo haliwezi kuingia reli ya kati. Mimi naona walichagua sawa, kwani reli ilijengwa kwa ajili ya shaba hiyo.

Lakini sikufichi, ndugu yangu. Njia ilipimwa vizuri kuliko vichwa vya treni. Vile vya kwanza vilivyotoka China vilikuwa na nguvu ndogo kwa mzigo mzito na mlima kama ule wa Makambako, na bado mbele kuna Uyole, mahali pa juu kuliko pote katika reli hiyo, meta 1,789 juu ya bahari. Daraja lilikuwa imara, handaki halikuporomoka, ila mashine ilihema na mabehewa yakasubiri. Vichwa vyenye nguvu zaidi, vilivyoundwa Ujerumani, vilikuja mwaka 1983, reli ikiwa na miaka saba tangu ikabidhiwe.