Siri Si Kimya: Vile Makarao wa New York Walijifunza Kuongea

Nianze na kuungama kitu. Nikiwa darasa la sita, kwa ploti yetu kulikuwa na karao. Sote tulimwita Afande, hata mama. Alikuwa amerudi kutoka kazi kule kaskazini, na kila jioni alikaa kwa kigoda mlangoni, mgongo ukutani, macho kwa geti. Mlango ukibamizwa, anaruka. Sisi watoto tukageuza hiyo ikawa mchezo. Unachukua pakiti tupu ya maziwa, unaijaza hewa, unaiweka chini karibu naye, unaikanyaga. Paa! Halafu mnatoka mbio mkicheka.

Siku moja hakutufukuza. Aliinama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia mbele ya ploti nzima. Mama alinichapa hiyo jioni, lakini hakuna mtu mzima aliyeenda kumuuliza Afande shida ni nini. Miezi kadhaa baadaye alipata transfa, akahama, na hatukuwahi kusikia habari zake tena.

Nimemkumbuka sana tangu Juni 2024. Mimi pia nilikuwa tao, nimefunga leso puani juu ya vitoza machozi, nikikimbia watu wenye sare kama yake. Kwa hivyo najua vile wengi wenu mtasema mkiona hii mada: yaani karao ndiye atafutiwe mtu wa kumsikiliza? Na sisi tuliopigwa, nani anatusikiliza? Hilo ni swali halali na sitalikwepa. Lakini nipeni dakika chache niwapeleke Marekani kwanza, juu huko watu walibishana kuhusu swali hilo hilo hadi mahakama ya juu kabisa.

Walioanza hawakuwa polisi

Hadithi inaanza na wanajeshi. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na kuona vizuri baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Makamanda wengi waliona huo ni uoga tu. Wanajeshi zaidi ya 300 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na upande wao wenyewe kwa makosa kama kutoroka vitani. Walikuja kusamehewa mwaka 2006, wakati hata watoto wao walikuwa wazee.

Sasa ruka hadi Desemba 1970, jijini New York. Vijana waliokuwa wamerudi kutoka Vietnam hawalali, wanalewa, wanagombana na bibi zao. Serikali ina hospitali za wanajeshi wa zamani, lakini wao hawaziamini. Utamwambiaje daktari wa serikali vile ile vita ya serikali imekuharibu? Kwa hivyo wakaanza kukutana wenyewe kwa ofisi ya chama chao cha kupinga vita. Hakukuwa na koti jeupe wala faili. Walikaa kwa duara, mmoja anaongea, wengine wanasikiliza juu walikuwa huko pia. Madaktari wawili wa akili, Chaim Shatan na Robert Jay Lifton, walikubaliwa kuingia, lakini si kama wakubwa wa kikao.

Usidharau hivyo vikao. Mambo yaliyosemwa pale yalisaidia kusukuma madaktari wa akili wa Marekani kukubali, mwaka 1980, kwamba kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha ni ugonjwa wenye jina lake rasmi. Mwaka 1979 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha vituo vya ushauri nasaha kwa hao vijana, na vikawekwa kando na hospitali, huko mitaani. Wazo ni rahisi: mtu aliyeumia huongea kwanza na mwenye ameumia kama yeye, na huongea mahali ambapo maneno yake hayatamrudia.

Kikosi cha bunduki ya mpira

Polisi walichelewa. Idara ya polisi ya Los Angeles iliajiri mwanasaikolojia wake wa kwanza, Martin Reiser, mwaka 1968. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini jiweke kwa viatu vya karao wa kawaida: huyu daktari analipwa na mkubwa wangu, ofisi yake iko karibu na ya mkubwa wangu, na faili yangu inalala wapi?

New York hiyo hofu ilikuwa na jina. Polisi aliyeonekana hayuko sawa kichwani alinyang'anywa bunduki, akapelekwa kazi za ofisini. Wenzake walisema ameingia "kikosi cha bunduki ya mpira". Kwa raia inaonekana ni jambo la busara, na kusema kweli mara nyingine ni busara. Lakini kwa karao hiyo ilimaanisha saa za ziada zimeisha, heshima imeisha, na stesheni nzima inajua. Matokeo yake ni nini? Mwenye alihitaji msaada zaidi ndiye alijificha zaidi. Sheria ya kulinda watu dhidi ya askari mgonjwa ikawa inamfunza askari mgonjwa kudanganya kwamba yuko poa.

Mwaka 1994 na 1995, polisi 26 wa New York walijiua. Miaka miwili tu, jiji moja.

Mwaka 1996 askari mmoja aliyekuwa kiongozi kwa chama cha polisi, Bill Genet, alianzisha mpango ambao leo unajulikana kama POPPA. Haukuwa na maajabu. Askari wanajitolea, wanafunzwa kusikiliza na kutambua hatari. Kuna laini ya simu, mchana na usiku. Ukipiga, unapata askari mwenzako, si mkubwa wako. Mnakutana mahali mbali na stesheni. Akiona unahitaji daktari, anakuelekeza kwa mtaalamu. Na cha muhimu kuliko vyote: shirika liko nje ya idara, na idara haipelekewi jina lako.

Jimbo jirani la New Jersey nalo likafungua laini yake, Cop2Cop, mwaka 2000, ambapo askari wastaafu ni kati ya wale wanaopokea simu. Mwaka uliofuata majumba pacha ya New York yakaanguka. Siku hiyo moja polisi 23 wa New York waliuawa, na maelfu ya wenzao wakabaki miezi wakichakura vifusi. Angalau wakati huo mlango wa kubisha ulikuwepo.

Kesi iliyonisumbua

Hapa ndipo swali letu linaingia. Juni 1991, kwa mtaa mmoja wa Hoffman Estates, Illinois, polisi Mary Lu Redmond aliitwa kwenda kutuliza vita. Alimpiga risasi Ricky Allen, akafa. Redmond alisema Allen alikuwa na kisu na alikuwa karibu kumdunga mtu. Watu wa familia ya Allen waliokuwa pale walisema hakuwa na silaha. Familia ikaenda kortini.

Halafu ikajulikana kwamba baada ya tukio Redmond alikuwa amekutana na mshauri nasaha karibu mara 50. Mawakili wa familia wakasema: tuleteeni yale maandishi. Kama kuna mahali huyu polisi alisema ukweli, ni huko. Redmond na mshauri wake wakakataa. Jaji akaliambia baraza la mahakama kwamba kukataa huko hakuna msingi wa sheria, na kwamba linaweza kudhani maandishi hayo yangemuumiza Redmond. Familia ikashinda, ikapewa dola 545,000. Mahakama ya rufaa ikafuta uamuzi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 13 Juni 1996 majaji saba dhidi ya wawili wakasema mazungumzo ya mgonjwa na mtaalamu wa akili aliye na leseni yalindwe. Jaji John Paul Stevens alieleza kwamba bila imani hiyo watu hawataongea kabisa, kwa hivyo huo ushahidi unaotafutwa hautakuwepo hata kidogo. Jaji Antonin Scalia alipinga: alisema gharama ya hiyo siri inalipwa na mwenye kutafuta haki.

Nimesoma hiyo kesi na kila mara nasimama kwa familia ya Allen. Kama ni ndugu yangu amelala chini, ningetaka kila karatasi. Na bado naona Stevens alikuwa na pointi. Ukifungua chumba cha mshauri, huvuni ukweli. Unapata tu makarao wasioingia chumbani, wanaorudi barabarani na bunduki na kichwa kilichojaa moshi. Na anayekutana nao barabarani ni mimi na wewe.

Angalia pia kile uamuzi haukufanya. Haukuficha mwili, risasi, mashahidi wala ripoti. Redmond bado angeweza kushtakiwa, kuhojiwa na kupatikana na makosa. Kilicholindwa ni mazungumzo ya kutafuta nafuu. Tukio lenyewe lilibaki wazi.

Halafu kulibaki pengo: uamuzi ulimlinda mwenye leseni. Askari anayemsikiliza mwenzake bila leseni je? Majimbo kadhaa yakatunga sheria zao. Kwa polisi wa serikali kuu ya Marekani, sheria ya kulinda mazungumzo hayo ilitiwa saini Novemba 2021, mwaka ule ule baadhi ya askari waliolinda Bunge tarehe 6 Januari walijiua. Na hata usiri huu una mwisho wake: ukisema unataka kujiua, unataka kuua mtu, au ukikiri uhalifu, mlango wa siri haufungwi tena.

Nisiwauzie ndoto. Mwaka 2019 polisi 10 wa New York walijiua, na kamishna James O'Neill akasema wazi kwamba hilo ni janga la afya ya akili. POPPA ilikuwepo miaka zaidi ya 20. Tena, utafiti umeonyesha kwamba kumlazimisha mtu aeleze yote kwa kikao kimoja mara tu baada ya tukio hakuzuii kiwewe. Kusikilizana hakuchukui nafasi ya daktari, ya likizo, wala ya mkubwa mwenye utu. Ni mlango wa kwanza tu. Lakini nyumba bila mlango wa kwanza huingii.

Turudi nyumbani

Novemba 2012, polisi 42 waliuawa Baragoi, kwa bonde la Suguta. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Tunazikumbuka hizo tarehe kwa ajili ya waliokufa, na ndivyo inafaa. Lakini kila mara kuna watu walioingia ndani kubeba miili, halafu wakarudi kazini. Wengine wao ndio wako kwa rodibloku unayopitia ukienda ocha.

Jopo la David Maraga kuhusu maslahi ya polisi na magereza lilikabidhi ripoti yake Novemba 2023. Na hadi Januari 2025, sheria yetu ilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ikaamua kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Fikiria hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kukamata. Angemwambia nani, na mwenye angemwambia ndiye angepaswa kumfunga?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tukijenga huu mpango hapa, laini isiwe ya mkubwa. Iwe nje ya huduma, na sheria iseme waziwazi nini kinalindwa na nini hakilindwi. Pili, isiguse uchunguzi hata kidogo. IPOA ichunguze, mahakama ihukumu, na karao aliyeua akijibu mashtaka, ajibu. Siri ya chumba cha ushauri ni tofauti na kile kimya cha stesheni ambapo kila mtu aliona na hakuna mtu aliona. Siri inaponya mtu. Kimya kinaficha kosa. Wanaovichanganya mara nyingi ni wale kimya kinawafaa.

Na tatu, wale vijana wa 1970 hawakungoja serikali. Sisi tuliokimbia risasi tunaweza kukaa kwa duara letu pia. Wengi wetu bado tunaruka pikipiki ikilipuka ekzosi. Mimi ni mmoja wao. Mara ya kwanza ilinitokea nikiwa kwa stage, na mtoto mmoja akacheka.

Nilimwangalia na sikumlaumu. Nilikuwa nafikiria pakiti ya maziwa.